Nani Atalipa Gari?

Uchungu unapoharibika saa nane usiku, swali la kwanza katika nyumba nyingi si la mganga. Ni hili: nani atalipa gari? Jirani anabishiwa hodi, mbuzi anatafutiwa mnunuzi, na saa zinakwenda. Mama anayetokwa na damu hana saa za kusubiri.

Hapa kwetu Shinyanga, pamoja na wenzetu wa Sengerema, ndipo mpango wa m-mama ulipojaribiwa kabla ya kuanza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022. Unapiga 115 bila malipo. Anayepokea huuliza dalili, kisha hutafuta gari la wagonjwa. Lisipopatikana, humwita dereva wa kawaida wa karibu aliyekwisha kuandikishwa. Mama halipi nauli; dereva hulipwa kwa simu akishamfikisha mgonjwa.

Tazama hekima iliyomo. Kuweka gari la wagonjwa katika kila kijiji, pamoja na dereva na matengenezo yake, ni mzigo mkubwa kwa wilaya. Lakini magari ya watu tayari yapo. Kilichokosekana ni uhakika wa dereva kwamba akiamka usiku jasho lake halitapotea.

Tafiti za kitaifa zilionyesha vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015-16, na 104 mwaka 2022. Sababu za kupungua ni nyingi, na kufika mapema ni mojawapo.

Hata hivyo, 115 haiwezi kuamua kwa niaba yetu. Huko machimboni Geita, mume huenda yuko shimoni, na simu ya nyumbani amekwenda nayo. Je, mkewe amsubiri?

Basi, dada, keti na mumeo mapema, mimba ikiwa bado changa. Mkubaliane kwamba ukitokwa na damu, ukipata degedege, kichwa kikikuuma sana na macho kuona kiwi, au mtoto akiacha kucheza tumboni, hutangoja ruhusa ya mtu. Andika 115 mlangoni. Jua ni jirani yupi mwenye simu yenye chaji. Weka akiba kidogo ya chakula cha watoto watakaobaki.

Gari limekwisha kulipiwa. Lililobaki ni neno la nyumbani, nalo lisemwe mchana, kabla usiku haujaingia.