Ukaazi wa kudumu Kanada: mtoto anayefichwa na fedha za kuazima

Swali: Mimi ni Mpemba, ni muuguzi, nafanya kazi Malangali, Manispaa ya Sumbawanga. Nina mke, na nina mtoto kwa mke niliyemwacha. Nataka kuomba ukaazi wa kudumu Kanada kwa njia ya wafanyakazi wenye ujuzi. Wakala ananiambia nisimwandike mtoto kwa kuwa hatosafiri, na fedha za kuonesha benki niazime kwa mwezi mmoja. Je, inajuzu? Na nifanye nini maombi yasikataliwe?

Jawabu: Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Tumeona jawabu hili litolewe kwa wote, kwa sababu maswali ya namna hii yamekuwa mengi Unguja na Pemba, na ushauri aliopewa ndugu yetu ndio huo huo wanaopewa vijana wetu wengine.

Hali ilivyo sasa

Kanada huwachukua wafanyakazi wenye ujuzi kwa mfumo wa Express Entry, ulioanza Januari 2015. Katika mpango wa shirikisho wa wenye ujuzi, mwombaji hupimwa kwanza kwa alama 100, naye lazima apate 67. Lugha ina alama 28, elimu 25, uzoefu wa kazi 15, umri 12, na zilizobaki ni za ajira iliyothibitishwa na za wepesi wa kuzoea maisha ya huko. Akishafaulu hapo huingizwa katika orodha kubwa na kushindanishwa na wengine kwa hesabu nyengine ya alama, na wa juu ndio wanaoalikwa kuomba.

Mlango huu umebana. Serikali ya Kanada ilikuwa imepanga kupokea wakaazi wapya 500,000 mwaka 2025, kisha ikashusha idadi hiyo hadi 395,000, na kwa 2026 ikapanga 380,000. Mlango unapobana, wauzaji wa njia za mkato huzidi. Walikuwapo waliouza barua za ajira ili mtu aongeze alama za ushindani, na tangu tarehe 25 Machi 2025 Kanada imeziondoa alama hizo. Anayekuuzia barua hiyo leo kwa ajili ya alama za ushindani anakuuzia kitu kisicho na thamani, mbali na kuwa ni uwongo.

Mtoto asiyeandikwa

Hili ndilo zito kuliko yote. Sheria ya Kanada inamtaka mwombaji amtaje mke na kila mtoto anayemtegemea, awe anasafiri naye au anabaki, awe kwa mke aliye naye au kwa aliyemwacha. Mtoto wa chini ya miaka 22 ambaye hajaoa wala kuolewa anahesabiwa. Nao wote hupimwa afya, hata wasiosafiri.

Kwa nini wakala anasema afichwe? Kwa sababu fedha za kuonesha huhesabiwa kwa idadi ya watu wa familia, pamoja na wanaobaki. Kwa viwango vya 2024, familia ya watu wawili ilitakiwa kuonesha dola za Kanada 18,288, na ya watatu 22,483. Tofauti ni dola 4,195. Hiyo ndiyo bei anayouziwa mtoto.

Kwa sababu mtoto ambaye hakutajwa wala kupimwa wakati wa maombi ya mzazi wake, Kanuni ya 117 ya uhamiaji wa Kanada inamtoa katika kundi la jamaa wanaoweza kudhaminiwa baadaye. Baba anajisemea kuwa atamwita akishatulia, na siku anapomwita anakuta mlango umefungwa kwa mkono wake mwenyewe. Tena si mlango tu. Mtoto ana haki ya nasaba, na baba anayeandika katika karatasi ya serikali kwamba hana mtoto amemkana kwa maandishi. Hilo halijuzu, na umbali wa safari hauligeuzi kuwa halali.

Mwenye wake wawili naye ajue kuwa Kanada haiitambui ndoa ya mke wa pili, na Kanuni ya Adhabu yao, kifungu cha 293, inaihesabu kuwa jinai. Asimfiche mke, wala asimwache "kwa karatasi tu" akidhani kuwa ni mchezo. Talaka ikitamkwa, mzaha wake na ukweli wake ni mamoja, kama tulivyofundishwa na Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam). Huyu atake ushauri wa wakili kabla hajajaza kitu.

Fedha za kuazima

Kanada inataka fedha ziwe zako na ziwe unaweza kuzitumia. Za kukopa hazikubaliwi. Barua ya benki hutakiwa ioneshe tarehe akaunti ilipofunguliwa, salio la sasa, wastani wa salio kwa miezi sita iliyopita, na madeni uliyonayo. Kwa hiyo fedha iliyoingia mwezi uliopita na kutoka mwezi ujao inajionesha yenyewe. Na anayeikopa kwa riba amekusanya madhambi mawili, riba na udanganyifu, kisha maombi yanaanguka pale pale. Kama umesaidiwa na ndugu kwa zawadi ya kweli, isiyorudishwa, iandikie barua na uambatanishe ushahidi.

Karatasi zisizokubaliana

Wako wakweli wanaokataliwa kwa uzembe. Sisi wa visiwani jina moja tunaliandika Khamis katika pasipoti na Hamisi katika cheti cha skuli, na jina la babu huingia huku likatoka kule. Rekebisha mapema: aliyezaliwa Zanzibar aende Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, wa Bara aende RITA, na tofauti ndogo zielezwe kwa hati ya kiapo. Cheti cha ndoa na hati ya talaka vilivyo kwa Kiswahili vifasiriwe Kiingereza au Kifaransa. Tafsiri ya ndugu wa familia haikubaliwi, hata akiwa mwalimu wa lugha.

Barua ya ajira uliyopewa siku ya kuajiriwa haitoshi. Inatakiwa barua ya mwajiri inayotaja cheo, majukumu yako, saa za kazi kwa wiki, mshahara na tarehe. Uzoefu wa chini ni mwaka mmoja mfululizo, yaani saa 1,560, ndani ya miaka kumi iliyopita. Usinakili majukumu kutoka katika orodha ya Kanada. Mwandikishe mkuu wako kazi unayoifanya kweli wodini.

Cheti cha tabia njema cha polisi hutakiwa kwa kila nchi uliyokaa miezi sita mfululizo au zaidi katika miaka kumi iliyopita, tangu ulipotimiza miaka 18. Waliowahi kufanya kazi Muscat au Dubai wasilisahau hili.

Ukishaalikwa una siku 60 tu. Kwa aliyeko Ufipa, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam, siku hizo ni chache sana. Tayarisha kabla ya mwaliko matokeo ya lugha, ambayo hudumu miaka miwili, tathmini ya cheti cha elimu, na cheti cha polisi. Tangu tarehe 21 Agosti 2025 kipimo cha afya nacho hutangulia maombi, na hufanywa na daktari aliyeteuliwa na Kanada, si daktari yeyote. Na muuguzi ajue kuwa ukaazi si leseni. Leseni hutolewa na baraza la uuguzi la jimbo utakaloishi.

Nani anabeba mzigo

Wanaoruhusiwa kukuwakilisha kwa malipo ni mawakili wa sheria, mathalani walio katika vyama vya mawakili vya majimbo, na washauri waliosajiliwa katika chuo chao cha Kanada, na majina yao hutazamika hadharani. Lakini hata ukiwa na mwakilishi, aliyetia saini ni wewe. Kifungu cha 40 cha sheria yao ya uhamiaji kinamzuia mtoa taarifa za uwongo kwa miaka mitano. Anayekosa alama anaweza kujaribu tena mwakani, lakini aliyedanganya anasubiri miaka hiyo, na jina lake limekwisha kuandikwa.

Hukumu

Kumficha mtoto na kuonesha fedha isiyo yako ni haramu. Suratul-Maida inafunguliwa kwa amri ya kutimiza ahadi, na saini yako katika fomu ni ahadi, hata kama aliyeandikiana nawe si Muislamu. Kusafiri kutafuta riziki kwa mwenye kuihifadhi dini yake na ya watoto wake hakuna ubaya in shaa Allah.

Nasaha yetu kwa ndugu yetu: mwandike mtoto, mjulishe mama yake kwa sababu atahitajika kumpeleka kupimwa, na ikiwa fedha haijatosha, ngoja mpaka itoshe.

Wallahu a'lam.