Nyasasaurus na Wenye Hakika Zao

“Mtaalamu huokota kipande cha mfupa, kisha hujichorea mnyama mzima.” Wasemao hivyo wangeanza na kilichoandikwa kuhusu mnyama wa kale Nyasasaurus parringtoni. Mabaki yake yalichimbwa miaka ya 1930 na Rex Parrington katika bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania: mfupa wa mkono wa juu na pingili sita za uti wa mgongo. Fuvu hakuna, jino hakuna, mguu hakuna. Lakini mfupa ule wa mkono una ukingo mrefu wa kushikia misuli, unaozidi asilimia 30 ya urefu wake, kama ulivyo kwa dinosaria. Kipande chembamba kilipotazamwa kwa hadubini, nyuzi zake zilionekana zimepangika ovyo, dalili ya mnyama aliyekua haraka. Hizo ni dalili mbili zisizotegemeana, na zinatosha kumweka mnyama karibu na ukoo fulani. Hazitoshi kumpa sura. Ile michoro yenye kichwa na rangi ya ngozi ni kazi ya msanii anayekisia kutokana na jamaa zake, na hapo mlalamikaji ana haki yake.

Wengine huenda upande wa pili: “Basi dinosaria wa kwanza duniani ni wetu.” Natamani ingekuwa hivyo. Alan Charig alimchunguza mnyama huyu katika tasnifu yake ya 1956, akafariki 1997 kabla maelezo rasmi hayajatoka. Yalipochapishwa 2013, jina lake likiwamo kati ya waandishi, yalisema huyu ama ni dinosaria wa kale kuliko wote wanaojulikana, ama ni jamaa wa karibu mno wa dinosaria. Neno “ama” ndilo magazeti yaliloliacha. Isitoshe, ule umri wa miaka takriban milioni 243 haukutokana na majivu ya volkano. Ulikadiriwa kwa kulinganisha wanyama wa miamba hiyo na wa kwingineko.

“Majina hubadilishwa kila mara, kwa hiyo ni kubahatisha.” Dinosaria mkubwa wa Tendaguru, Tanzania, aliyesimamishwa Berlin aliitwa Brachiosaurus mwaka 1914, kwa kufananishwa na mnyama wa Marekani. Mwaka 2009 Michael Taylor alilinganisha mifupa ambayo wanyama wote wawili wanayo, akaorodhesha tofauti 26. Leo wengi humwita Giraffatitan. Anayebahatisha haorodheshi tofauti.

Dai gumu zaidi ni la wapole: “Tusubiri mifupa zaidi, mashaka yataisha.” Teleocrater naye alitoka Ruhuhu, 1933, tena mikononi mwa Parrington. Charig alishindwa kumpangia ukoo, kwa kuwa mifupa ya kifundo cha mguu, ambayo ndiyo ingeamua, haikuwapo. Mwaka 2015 mifupa mingine ilipatikana karibu na pale pale, na utafiti ukatoka 2017. Swali la Charig lilijibiwa: Teleocrater yumo katika tawi lililozaa dinosaria na ndege. Ila kifundo chake kilifanana na cha mamba, naye alitembea kwa miguu minne, ilhali jamaa wa mwanzo wa dinosaria walidhaniwa kuwa wadogo, wa kukimbia kwa miguu miwili. Kifundo kilichotumika miaka mingi kutenganisha tawi la mamba na la dinosaria kikapoteza sehemu ya mamlaka yake, na wanyama wengine waliopangwa kwa kipimo hicho wakalazimika kutazamwa upya.