Jina la posta lisiwe la mkubwa peke yake

KILA mkazi wa Runyenjes, Kaunti ya Embu, anapoandika anwani yake katika barua ya kuomba kazi, huandika jina la mtu aliyefariki zamani. Mji huo, na posta yake, uliitwa kwa jina la Runyenje, chifu wa enzi ya ukoloni. Herufi "s" ya mwisho ni alama ya umiliki ya Kiingereza iliyosalia hapo, kama ilivyosalia Mumias, mji wa Nabongo Mumia magharibi mwa Kenya.

Ndiyo maana rai ya kuipa posta jina la mwanajamii aliyeaga dunia si jambo dogo. Kwa kawaida, barua nchini Kenya haipelekwi mlangoni bali husubiri sandukuni. Jina la posta, basi, ni sehemu ya anwani ya shule, kanisa, chama cha ushirika na mkulima wa majani chai. Kulibadilisha ni kuwabadilishia wote hao anwani.

Nchini Marekani, tatizo hilo lina ufumbuzi. Bunge hupitisha sheria ya kuienzi posta kwa jina la askari aliyeuawa vitani au mtumishi wa jamii, na bamba likawekwa ukutani. Anwani haiguswi.

Meru na Embu zaweza kufuata njia hiyo, ila si kwa uamuzi wa kaunti pekee. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeikabidhi serikali ya kitaifa huduma za posta. Kaunti ina usemi kuhusu barabara na masoko yake. Posta ya Maua au ya Siakago ni ya Shirika la Posta, lililoanza kazi mwaka wa 1999.

Lililo gumu zaidi ni nani aenziwe. Jeremiah Nyagah, waziri wa miaka mingi aliyefariki mwaka wa 2008, tayari ana chuo cha kiufundi chenye jina lake huko Mbeere. Musa Mwariama, kiongozi wa Mau Mau kutoka Meru aliyefariki mwaka wa 1989, angali anatajwa katika historia ya taifa. Lakini mkunga aliyewapokea watoto wa kata nzima, au mwalimu aliyewasomea wazee barua za wana wao waliokuwa mbali, hana pa kutajwa. Posta ndipo mahali pake.

Runyenje alipata mji wakati ambapo wakazi hawakuwa na sauti katika utawala. Leo, Ibara ya 10 ya Katiba inataka wananchi washirikishwe. Baraza la kijiji likiulizwa, huenda likataja jina ambalo hakuna mwanasiasa angelifikiria.

Ila wasikawie. Simu imechukua kazi ya barua, na masanduku mengi hayafunguliwi tena. Bamba kwenye mlango uliofungwa halimkumbushi mtu yeyote.