Simba si simbamangu

Takwimu zikipotoka, mara nyingi hesabu haina kosa. Kosa ni safu isiyo yake iliyochukuliwa. Chukua mfano wa jedwali la wanyama wa kreta ya Ngorongoro lenye safu mia moja, kila mnyama na mwaka wake. Anayeiagiza programu ya takwimu iitwayo R ichukue safu ya 12 hadi ya 17 anategemea mpangilio usibadilike kamwe. Ikiongezwa safu moja ya nyati mwanzoni, namba zote zinasogea, na programu hailalamiki: inatoa wastani wenye safu isiyotakiwa ndani yake. Anayechagua kwa jina hana hofu hiyo.

Wapo watakaosema majina nayo hudanganya. Ni kweli. Ukitafuta "simba" tu, utaletewa pia simbamangu, maana jina la kwanza limo ndani ya la pili. Lakini dawa ipo: safu ziitwe kwa mfano wa simba_2023, kisha andika "^simba_". Alama ya mwanzo inataka jina lianzie hapo hapo, na kistari cha chini kinamfungia simbamangu mlango. Wengine watasema huo ni mzigo kwa ofisi ndogo. R hailipiwi hata senti, na kanuni yenyewe ni fupi: kitu, kistari cha chini, mwaka. Kwa kanuni hiyo, afisa kilimo wa Karatu atatenganisha vitunguu_2023 na ngano_2023 bila kuhesabu safu kwa kidole.

Basi tukubaliane majina kabla ya kujaza jedwali. Kosa la jina huonekana kwa macho; kosa la namba hujificha ndani ya ripoti.