Tabora si mahali pa kujaza mafuta tu

Ndugu mwandishi, ratiba yako ya Bagamoyo hadi Ujiji nimeipenda, ila kuipa Tabora saa mbili umetuonea. Kwihara peke yake inataka nusu siku. Stanley alipoondoka Machi 1872, Livingstone alibaki kwenye tembe la hapo Kwihara miezi mitano akingoja wapagazi kutoka pwani, na wewe unapita mbio! Sisi tulikwenda masika, Noah ya shemeji ikazama kwenye tope, vijana waliotoka shambani wakatusukuma. Nendeni Julai. Na wewe uliyesema hapo juu hakuna cha kuona ila miembe: miembe hiyo ndiyo kivuli cha misafara, ndugu yangu. Asali ya Tabora nunueni mkirudi, isije ikamwagika garini kabla hamjafika Malagarasi.