Jina lako liko wapi kwenye hiyo programu?

Wewe unayeunda programu usiku kwa laptopu ya mitumba hapo Kayole, Umoja ama Dandora, nina swali moja. Mteja akibonyeza menyu ya Usaidizi halafu 'Kuhusu', jina la nani linatokea?

Wengi wetu hatuweki hilo dirisha kabisa. Tunaona ni urembo tu. Mimi pia niliona hivyo.

Karo iliponishinda nikaacha chuo, niliundia duka moja la hadiwea programu ya kuhesabu stoki. Nikalipwa, nikasonga mbele. Miezi kadhaa baadaye naingia duka lingine mtaa wa pili, nakuta programu ileile. Rangi zilezile, hata kosa langu la tahajia kwenye kitufe cha 'Hifadhi' liko palepale. Nikamwambia mwenye duka ni mimi niliyeiunda. Akaniangalia juu chini, akauliza, "Imeandikwa wapi?" Sikuwa na jibu.

Cheki vile wengine mtaani hufanya. Msee wa grafiti akimaliza kuchora nganya, anaacha saini yake pembeni. Clemo alipokuwa anatengeneza genge, jina la Calif lilisikika ndani ya ngoma zenyewe, na hilo jina lilitoka mtaa wa California, hapa hapa Eastlands. Mbona sisi tunaogopa kujitaja?

Hata ng'ambo watu walipigania hili. Mwishoni mwa miaka ya 1970, kampuni ya Atari haikuwa inataja majina ya waundaji wa michezo yake. Warren Robinett akaficha chumba cha siri ndani ya mchezo wa Adventure, na humo akaandika kuwa ni yeye aliyeuunda. Wachezaji walipokigundua, yeye alikuwa ameshaondoka kazini. Jina lilibaki.

Sheria nayo iko upande wako, lakini isome vizuri. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kazi uliyoagizwa na mteja huhesabiwa kuwa yake, isipokuwa mmekubaliana vingine. Kwa hivyo anaweza kumiliki programu. Lakini haki ya kutambuliwa kuwa wewe ndiwe mtunzi hubaki kwako, hata baada ya kuuza.

Utasema mteja hafungui hiyo 'Kuhusu'. Kweli, mpaka siku programu ikwame. Atakupigia saa mbili usiku akisema "imekataa". Ukimuuliza anatumia toleo gani, atasoma namba papo hapo badala ya nyinyi wawili kubahatisha. Na kama simu yako ilipotea na namba zake zote, yeye bado anakupata.

Andika mambo haya: jina la programu na namba ya toleo, mwaka, jina lako, barua pepe, na leseni. Kisha wataje wenzako. Kama umetumia msimbo wa mtu ulio chini ya leseni ya MIT, unatakiwa kubakisha tangazo lake la hakimiliki. Huwezi kulia umeibiwa jina huku umefuta la mwingine.

Sikudanganyi kwamba dirisha hili ni kufuli. Mwizi anayejua kazi atalifuta kwa dakika moja. Ndiyo maana uhifadhi nakala za msimbo zenye tarehe, na kwenye makubaliano na mteja mwandike wazi kwamba jina lako halitoki. Lakini mwizi wangu hata hakuhitaji kufuta kitu. Nilimwachia nafasi tupu.

Kwa programu ndogo ya Python, dirisha hilo ni mistari michache tu. Leo jioni, kabla hujamkabidhi mteja kazi, liweke. Akiuliza mtu imeandikwa wapi, mwonyeshe.