Miwani ya Jua kwa Mvuvi

Msomaji mmoja wa pwani, mvuvi wa mshipi na baba wa watoto watatu, ameniandikia akiuliza kama yafaa atoe fedha zake kununua miwani ya jua ya kuvulia, au kama hiyo ni mapambo tu ya watalii wa Watamu na Malindi. Wenzake chomboni humcheka. Ati babu zake walivua bila miwani na samaki wakaliwa. Swali hili si la kupuuzwa, maana mtu asiye na mshahara wa mwezi hana budi kuipima shilingi yake kabla haijatoka mfukoni. Mimi ni karani, na kasia langu ni kalamu. Lakini wataalamu wa mwanga na wa macho wamelichunguza jambo hili zamani.

Mvuvi hupigwa na jua mara mbili: mara moja kutoka juu, na mara ya pili kutoka majini, ambako mwanga hurudi na kumwingia chini ya ukingo wa kofia. Ndani ya mwanga huo mna mionzi isiyoonekana, iitwayo urujuanimno. Jicho lililopigwa nayo miaka mingi laweza kuota kinyama katika weupe wake, aghalabu upande wa pua, kikatambaa polepole kuielekea mboni. Tena mionzi hiyo ni mojawapo ya mambo yaletayo mtoto wa jicho. Kweli babu walivua bila miwani. Je, wale wanaocheka wamehesabu wangapi kati yao walikwenda msikitini uzeeni wakishikwa mkono?

Basi, jambo la kwanza la kutafuta si weusi wa kioo, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Kioo cheusi kisichozuia urujuanimno chaweza kudhuru kuliko kutovaa kitu, kwa kuwa mboni iliyo gizani hupanuka, ikaipokea mionzi kwa wingi zaidi. Tafuta maandishi UV400, yaani huzuia mionzi yenye urefu wa wimbi hadi nanomita 400. Lakini karatasi ya maandishi yaweza kubandikwa na yeyote. Kwa hiyo nunua kwa mwenye duka utakayemkuta tena kesho, wala si kwa mchuuzi wa stendi ya mabasi. Baadhi ya maduka ya miwani yana chombo cha kupimia mionzi hiyo, nawe huna haya ya kuomba wakupimie.

Sasa nije kwenye lile limhusulo mvuvi kuliko watu wote, nalo ni kuona ndani ya maji. Mnamo 1808 Mfaransa Étienne-Louis Malus aliutazama, kupitia kipande cha jiwe angavu, mwanga wa jua la machweo uliorudi kutoka madirisha ya Jumba la Luxembourg mjini Paris, akagundua kwamba mwanga uliogonga kioo na kurudi si sawa na ule utokao juani moja kwa moja. Mwanga wa jua hutikisika pande zote. Ukigonga maji na kurudi, sehemu kubwa yake hutikisika kwa kulala. Mmarekani Edwin Land, aliyeanzisha kampuni ya Polaroid mwaka 1937, ndiye aliyepata njia ya kutengeneza utando mwembamba unaouzuia mwanga uliolala. Ufikirie ua wa fito zilizosimama: apitishaye fimbo wima hupita, aliyeilaza hukwama. Miwani yenye utando huo huitwa ya polaraizi. Ule mng'ao mweupe juu ya maji hufifia, na mvuvi huona mwamba, nyasi za bahari, na kivuli cha samaki apitaye. Kwa atafutaye pweza mwambani wakati wa maji kupwa faida yake ni kubwa mno.

Nguvu yake haiko sawa kila upande. Hufaa zaidi pale mtazamo unapoacha wima kwa digrii 53 hivi. Yaani mtu ambaye macho yake yako mita 1.5 juu ya maji ataona vema kabisa mita 2 mbele yake, bali akitazama chini ya miguu yake haipati faida hiyo. Kipimo cha dukani chatokana na hayo. Tazama mng'ao juu ya meza ya kioo, kisha uizungushe miwani polepole mbele ya jicho. Mng'ao ukizidi na kupungua, ni polaraizi ya kweli, usipobadilika, rudisha. Tahadhari moja: kioo cha simu chaweza kuonekana cheusi ukiwa umeivaa, na wengi hudhani simu imekufa. Igeuze upande tu.

Kwa rangi, kahawia au shaba yafaa maji mafupi na mwamba, kijivu bahari kuu chini ya jua kali, na njano alfajiri. Namba 3 ya giza, ipitishayo asilimia 8 hadi 18 ya mwanga, yatosha. Namba 4 usiivae ukiendesha pikipiki kurudi nyumbani. Wavuvi wa omena wa Ziwa Victoria, wavuao usiku kwa taa, wataihitaji wakati wa kurudi tu.

Fedha zikiwa haba, UV400 kwanza, polaraizi pili, na jina la kiwanda liachwe kwa wenye nazo. Napendelea kioo cha polikaboneti, kwani chubwi au ndoana ikiruka hakivunjiki upesi machoni, ingawa hukwaruzika kuliko kioo halisi. Kwa hiyo usiifute kwa shati lenye chumvi. Isuuze kwa maji ya kisima kila urudipo pwani, uikaushe kwa kitambaa laini, nayo kamba ya shingoni uifunge kabla chombo hakijang'oa nanga.